Hormuz, Bab el-Mandeb na Dardanelles: Mlango-Bahari Upi Hufungika Wakati wa Vita, na Mwenye Shehena Achague Nini

Mwenye shehena anaposikia kwamba mlango-bahari fulani umefungwa kwa sababu ya vita, anapaswa kwanza kuuliza ni nani aliyeufunga na ameufunga kwa kutumia nini, kwa kuwa majibu hayo mawili ndiyo yatakayomwongoza kuamua kama asubiri, apite kwa bima ya juu, au aizungushe meli kwa njia ndefu. Serikali inaweza kutangaza kwamba imefunga njia na isiwe na uwezo wa kusimamisha hata meli moja. Kikundi chenye silaha kisichotambuliwa kuwa serikali kinaweza kupunguza safari za meli kwa zaidi ya nusu, ilhali manowari za mataifa makubwa zipo papo hapo. Tena kuna nyakati ambapo njia huachwa tupu kwa uamuzi wa kampuni za bima na wenye meli, watu walio mbali kabisa na maji yanayogombaniwa.

Hapa ninailinganisha milango-bahari mitatu: Hormuz, unaotenganisha Iran na Rasi ya Musandam ya Oman, Bab el-Mandeb, ulio kati ya Yemen upande mmoja na Djibouti na Eritrea upande wa pili, na Dardanelles, ambao pamoja na Bosporus ndio njia ya meli za baharini kutoka Bahari Nyeusi kwenda Mediterania. Malacca, ulio kati ya Malaysia na kisiwa cha Sumatra, nimeuacha kwa makusudi licha ya wingi wa meli zake, kwa sababu meli iliyozuiwa pale ina milango mingine ya Indonesia, Sunda na Lombok, karibu, na kwa hiyo swali lake ni la gharama zaidi kuliko la kufungika. Maoni yangu nayasema mapema ili msomaji ayapime kadiri anavyosoma: Dardanelles hufungika kabisa, Bab el-Mandeb hufungika kwa wale wasiotaka kubahatisha, na Hormuz ndio ambao kufungwa kwake, hata kwa sehemu tu, huumiza kuliko yote, kwa kuwa sehemu kubwa ya shehena yake haina pa kupitia pengine.

Upana wa maji na umiliki wa kingo

Dardanelles una urefu wa takriban kilomita 60, na mahali pake pembamba zaidi, kwenye mji wa Çanakkale, upana wake ni kama kilomita 1.2 tu. Bosporus ni mwembamba zaidi, kwani kuna mahali unafikia mita 700. Kingo zote mbili za maji hayo ni za Uturuki, kwa hiyo anayetaka kupita kwa nguvu atakabiliwa na adui yule yule kushoto na kulia.

Bab el-Mandeb una upana wa kama kilomita 29 na umegawanywa na kisiwa cha Perim, ambacho Wayemeni hukiita Mayyun. Meli nyingi kubwa hupita magharibi ya kisiwa hicho. Jambo la kuzingatia ni kwamba Wahouthi, kikundi chenye silaha cha Yemen kinachoungwa mkono na Iran, walioanza kuzishambulia meli mwaka 2023, hawakuwa wanashika kisiwa hicho wala ukingo wa mlango wenyewe. Ngome yao ya pwani ilikuwa kaskazini zaidi, katika eneo la Hodeidah. Kwa makombora na droni za siku hizi, mtu hahitaji tena kukalia ukingo wa mlango ili awazuie wapitao.

Hormuz una upana wa maili 21 za baharini hivi, sawa na kilomita 39, mahali pembamba zaidi. Mara nyingi husemwa kwamba meli hupita katika ujia wa maili mbili tu, na msomaji akapata picha ya uchochoro unaoweza kuzibwa kwa meli moja iliyozamishwa. Picha hiyo inapotosha. Maili hizo mbili ni upana wa njia iliyopangwa kwa meli zinazoingia, nyingine mbili ni za zinazotoka, na katikati kuna maili mbili za kutenganisha pande hizo ili meli zisigongane. Hizo ni kanuni za usalama barabarani, kama mtu atapenda kuziita hivyo. Nje ya mistari hiyo maji yenye kina bado yapo. Njia hizo, zinapozunguka Musandam, zimo katika maji yaliyo chini ya mamlaka ya Oman, jambo ambalo husahaulika sana kila Iran inapotishia kuufunga mlango kana kwamba ni mali yake peke yake.

Sheria inaruhusu nini

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unazipa meli na ndege haki ya kupita moja kwa moja katika milango-bahari inayotumiwa kwa safari za kimataifa, na kifungu chake cha 44 kinasema wazi kwamba nchi za kando ya mlango hazipaswi kuzuia upitaji huo wala kuusimamisha. Kabla ya hapo, mwaka 1949, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikuwa imeamua katika kesi ya mlango wa Corfu, kati ya Uingereza na Albania, kwamba wakati wa amani nchi ya kando haina mamlaka ya kukataza upitaji usio na madhara katika mlango wa aina hiyo. Upande wa Hormuz mambo si mepesi hivyo, kwa sababu Iran ilitia saini mkataba wa 1982 bila kuuridhia, na ilipotia saini ilieleza kwamba haki ya kupita moja kwa moja ni ya nchi wanachama tu, ilhali Marekani haikutia saini kabisa. Kila upande kwa hiyo unasimamia sheria inayoufaa, na hakuna hakimu anayeketi katika maji hayo kuamua.

Dardanelles na Bosporus zina mkataba wao wenyewe, uliotiwa saini Montreux tarehe 20 Julai 1936, na huu ndio mfano bora niujuao wa mlango unaofungwa kwa sheria bila risasi kulia. Ikiwa kuna vita na Uturuki haimo, kifungu cha 19 kinazikataza manowari za nchi zinazopigana kupita, isipokuwa zinazorudi kwenye vituo vyake vya asili. Ikiwa Uturuki yenyewe imo vitani, kifungu cha 20 kinaiachia iamue inavyotaka kuhusu manowari zote. Meli za biashara ziko katika daraja lingine: wakati Uturuki haimo vitani zinaendelea kupita kwa uhuru, na hata ikiwa vitani, meli za nchi ambazo hazipigani nayo zinaruhusiwa mradi zisimsaidie adui.

Tarehe 28 Februari 2022, siku chache baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Uturuki ilitumia kifungu cha 19. Katika ulinganisho huu, kufunga huko ndiko kulikoheshimiwa kuliko kokote, na sababu yake si nguvu za jeshi la Uturuki peke yake. Uturuki haikuwa ikiomba chochote zaidi ya kile ambacho mkataba wenyewe ulikuwa umeipa kwa zaidi ya miaka 80, na aliyeufungia mlango hakuwa mmoja wa wapiganaji. Hali hizo mbili hazipo Hormuz wala Bab el-Mandeb, na ndiyo maana ninashauri mtu asihamishe somo la Montreux kwenda kwingine.

Kutangaza tu nako kuna hatari yake. Mnamo Mei 1967 Misri ilitangaza kuufunga mlango wa Tiran, ulio mdomoni mwa Ghuba ya Aqaba, kwa meli za Israeli, na tarehe 5 Juni vita vilikuwa vimeanza.

Mabomu ya baharini na mizinga inayoyalinda

Mfano kamili wa mlango uliofungwa kwa nguvu ni Dardanelles katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na unafaa kuelezwa kwa kirefu kwa sababu unaonyesha ni vitu gani lazima vikutane ili kufunga kuwe kufunga kweli. Waosmani, watawala wa Uturuki wa wakati huo, waliufunga mlango mwishoni mwa Septemba 1914, hata kabla hawajaingia vitani rasmi, na kwa tendo hilo moja Urusi ikapoteza njia yake kuu ya kuuzia nafaka na kupokelea silaha kutoka kwa washirika wake wa magharibi. Tarehe 18 Machi 1915 Waingereza na Wafaransa walijaribu kuupasua kwa manowari kubwa peke yake. Siku kumi kabla ya hapo, meli ndogo ya Kituruki iitwayo Nusret ilikuwa imetega mstari wa mabomu sambamba na ufuko, mahali ambapo manowari hizo zilizoea kugeukia. Bouvet ya Ufaransa pamoja na Irresistible na Ocean za Uingereza zilizama siku hiyo hiyo. Majeshi ya nchi kavu yaliyoshushwa Gallipoli kuanzia Aprili yaliondolewa yote kufikia Januari 1916, na mlango haukufunguka hadi mapatano ya Mudros ya kusimamisha vita ya tarehe 30 Oktoba 1918.

Kilichofanya kazi pale kilikuwa ni mchanganyiko. Mabomu peke yake yangeteguliwa, kwa kuwa kutegua ni kazi ya polepole lakini inayowezekana pasipo mtu wa kukusumbua. Mizinga peke yake ingeweza kupitwa na manowari yenye kasi na chuma kinene. Lakini mizinga ilipozifukuza meli za kutegua mabomu, na mabomu yakazizuia manowari zisiisogelee mizinga, kila kimoja kikakilinda kingine. Mtu anayetaka kupima tishio lolote la kufunga mlango na aanze na swali hili: anayetishia anaweza kuwazuia watakaokuja kusafisha njia, na kwa muda gani?

Kwa kipimo hicho, Hormuz ya miaka ya 1980 haikufungwa. Katika vita vya Iran na Iraq vya 1980 hadi 1988, hasa kuanzia 1984 pande zote mbili zilipoanza kuwinda meli za mafuta, zaidi ya meli 400 za biashara zilishambuliwa, na bado mafuta yaliendelea kutoka. Iran ilikuwa na sababu ya kutoufunga kabisa, kwani mafuta yake yenyewe yaliyopakiwa kisiwani Kharg yalipita hapo hapo, ilhali Iraq iliweza kuuza kwa mabomba kupitia Uturuki na baadaye Saudi Arabia. Sababu nyingine ni ya kiufundi: meli kubwa ya mafuta ni ngumu kuzama kuliko watu wanavyodhani. Marekani ilipoanza kusindikiza meli za Kuwait mwezi Julai 1987, katika msafara wa kwanza kabisa meli ya mafuta Bridgeton iligonga bomu tarehe 24, ikatoboka, ikaendelea na safari, na manowari zilizotumwa kuilinda zikajipanga nyuma yake, kwa sababu ngozi zao zilikuwa nyembamba kuliko ya meli waliyoilinda. Mwaka uliofuata, tarehe 14 Aprili 1988, manowari ya Marekani Samuel B. Roberts ilikaribia kuzama baada ya kugonga bomu la muundo wa Kirusi uliobuniwa mwaka 1908.

Tangu wakati huo zana zimebadilika kwa namna inayomfaa mwenye pwani. Mizinga ya Dardanelles ilijulikana ilipo na haikuhama, lakini kombora lililobebwa na lori huhama baada ya kurushwa, na boti ndogo zenye kasi hujificha katika visiwa na ghuba za kusini mwa Iran. Kuna pia uvurugaji wa mawimbi ya setilaiti yanayoongoza meli, ambao haulipui kitu na haudaiwi na mtu yeyote. Tarehe 17 Juni 2025, katika siku ambazo uvurugaji huo ulikuwa umezidi kutokana na mapigano ya Israeli na Iran, meli mbili za mafuta, Front Eagle na Adalynn, ziligongana nje kidogo ya Hormuz. Siku tano baadaye bunge la Iran liliunga mkono kufungwa kwa mlango, huku uamuzi wa mwisho ukiachwa mikononi mwa Baraza Kuu la Usalama wa Taifa, na mwezi huo ukapita bila mlango kufungwa. Kura ya bunge ilitangazwa sana duniani. Uvurugaji wa mawimbi ndio uliowahangaisha manahodha.

Wazi kwa wengine, umefungwa kwa wengine

Bab el-Mandeb ulitoa funzo ambalo vitabu vya vita vya zamani havikuwa nalo. Mwaka 1973 Misri ilikuwa imetuma manowari zake huko kuzizuia meli zilizokwenda bandari ya Eilat ya Israeli, na hicho kilikuwa kizuizi cha kawaida cha nchi dhidi ya nchi. Wahouthi walipoiteka meli ya magari Galaxy Leader tarehe 19 Novemba 2023 hawakuwa na jeshi la majini la kulinganishwa na la Misri. Kufikia katikati ya Desemba, Maersk, MSC, Hapag-Lloyd na CMA CGM zilikuwa zimetangaza kusitisha safari au kuzigeuza meli zao. Meli ya mizigo Rubymar ilipigwa Februari 2024 na kuzama mwanzoni mwa Machi, na mwezi huo huo mabaharia watatu wa meli True Confidence waliuawa. Marekani na washirika wake walikuwa wameunda kikosi cha ulinzi tangu Desemba 2023, Umoja wa Ulaya ukaleta chake Februari 2024, na droni na makombora mengi yalitunguliwa. Pamoja na hayo yote, mafuta yaliyopita mlangoni hapo yalishuka kutoka zaidi ya mapipa milioni 8 kwa siku mwaka 2023 hadi karibu milioni 4 mwaka 2024.

Hesabu iliyowaondoa wenye meli ni rahisi kuifuata. Bima ya vita hulipwa kwa kila safari kama sehemu ya thamani ya meli, na katika Bahari ya Shamu sehemu hiyo ilipanda kutoka chini ya asilimia 0.1 hadi kukaribia asilimia 1. Kwa meli yenye thamani ya dola milioni 100, asilimia 1 ni dola milioni moja kwa safari moja, na hapo ada ya Mfereji wa Suez haijaongezwa. Anayezunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, anaongeza siku 10 hadi 14 kati ya Asia na Ulaya ya kaskazini, anachoma mafuta zaidi, lakini anaokoa bima hiyo na ada ya mfereji, na mabaharia wake hawadai malipo ya hatari. Kwa meli za makontena zinazohitaji ratiba inayotabirika, uamuzi haukuchukua muda mrefu.

Hata hivyo mlango haukuwa mtupu. Meli zilizoonekana kuwa na uhusiano na China au Urusi ziliendelea kupita kwa wingi kuliko nyingine, na baadhi ya manahodha walianza kuandika katika mtambo wa utambulisho wa meli, mahali panapopaswa kuandikwa jina la bandari waendako, kwamba mabaharia wote ni Wachina au kwamba meli haina uhusiano na Israeli. Naliona hili kuwa jambo kubwa kuliko idadi ya meli zilizozama. Anayeufunga mlango kwa kuchagua hajiumizi mwenyewe, hawaudhi wateja wake, na hawapi maadui zake wote sababu ya kuungana. Kama mtindo huo ukihamia Hormuz, ile hoja kwamba Iran haitaufunga mlango kwa kuwa inauhitaji inapoteza nguvu yake, kwa maana Iran inaweza kuacha meli za mafuta yake zipite na kuzisumbua za wengine.

Njia mbadala

Kwa Bab el-Mandeb karibu kila shehena ina njia nyingine, nayo ni Rasi. Ni njia ndefu, lakini haihitaji bomba, reli wala kibali cha mtu. Aliyeumia zaidi hapo ni Misri, ambayo mapato ya mfereji wake yalishuka kutoka zaidi ya dola bilioni 10 mwaka 2023 hadi takriban dola bilioni 4 mwaka 2024.

Kwa Bahari Nyeusi, mafuta ya Bahari ya Kaspi yana bomba la Baku, Tbilisi na Ceyhan, na nafaka ya Ukraine ilipata njia kupitia bandari za mto Danube za Izmail na Reni. Lakini funzo la 2022 ni kwamba mlango wenyewe ulibaki wazi kwa meli za biashara, na tatizo likawa bandari zilizozingirwa nyuma yake. Ndiyo maana makubaliano ya nafaka yaliyotiwa saini Istanbul tarehe 22 Julai 2022 yalihusu bandari za Ukraine, na Urusi ilipojitoa Julai 2023 ni bandari hizo zilizorudi hatarini.

Hormuz ndio wenye shida. Mwaka 2024 ulipitisha takriban mapipa milioni 20 ya mafuta kwa siku, karibu moja ya tano ya matumizi ya dunia, na zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ghafi yake yalikwenda Asia. Saudi Arabia ina bomba la kilomita 1,200 hivi kutoka Abqaiq hadi Yanbu, lenye uwezo wa mapipa milioni 5 kwa siku na linaloweza kusukumwa hadi milioni 7. Falme za Kiarabu zina bomba la Habshan hadi Fujairah, nje ya mlango, lenye uwezo wa mapipa milioni 1.5. Iran nayo ilizindua mwaka 2021 bomba la kufikisha mafuta Jask, ng'ambo ya mlango, ingawa halijawa mbadala wa Kharg. Ukijumlisha yote bado hukaribii milioni 20, na sehemu ya uwezo huo wa mabomba hutumika hata siku za amani. Kuwait, Bahrain na sehemu kubwa ya Iraq hazimo katika hesabu hiyo. Qatar, ambayo gesi yake ya kimiminika hupakiwa Ras Laffan, haina njia nyingine ya kuitoa, na karibu moja ya tano ya biashara ya dunia ya gesi ya aina hiyo hupita Hormuz.

Zaidi ya hayo, Yanbu iko Bahari ya Shamu. Mafuta ya Saudi Arabia yaliyokwepa Hormuz na yanayotakiwa Asia yatashuka kusini hadi Bab el-Mandeb, au yatapanda kaskazini kupitia Suez na kuizunguka Afrika nzima. Milango hii miwili kwa hiyo haipaswi kupimwa kila mmoja peke yake. Anayeweza kutishia yote miwili kwa pamoja, kwa mkono wake au kwa mkono wa mshirika, ana nguvu zaidi ya jumla ya vitisho viwili.

Uamuzi wa mwenye shehena

Ikiwa shehena yako inapita Bab el-Mandeb, usisubiri mlango ufunguliwe. Panga kwa Rasi, ongeza wiki mbili katika ratiba, na uiachie meli nyingine ijaribu maji. Kusubiri kuna maana pale tu ambapo anayefunga anaumia kwa kufunga, na tumeona kwamba aliyefunga hapa hakuumia kibiashara kwa kiasi cha kumrudisha nyuma.

Ikiwa inaingia au kutoka Bahari Nyeusi, mlango usikupe wasiwasi maadamu Uturuki haimo vitani. Chunguza bandari ya upande wa pili, mabomu yaliyopotea majini, na vikwazo dhidi ya mwenye meli.

Kwa Hormuz, jibu linategemea bidhaa. Makontena yanayokwenda Jebel Ali, bandari ya Dubai, yanaweza kushushwa Khor Fakkan, Fujairah au Sohar, bandari zilizo nje ya mlango, kisha yakasafirishwa kwa malori, ingawa bandari hizo zitajaa upesi kila mtu atakapofikiria hivyo hivyo. Mnunuzi wa mafuta atafute sehemu ya mahitaji yake kwa wauzaji wanaopakia nje ya Ghuba kabla ya mgogoro, kwa kuwa baada ya mgogoro kuanza bei ya mafuta hayo itakuwa imekwisha kujua habari. Mnunuzi wa gesi ya Qatar ana akiba yake tu na soko la wazi. Kutegemea kusindikizwa na manowari ni chaguo la mwisho: mwaka 1987 misafara ilikuwa ya meli chache, ilichukua muda kupangwa, na ilianza na bomu.

Kwa njia yoyote utakayochagua, soma mikataba yako sasa. Bima ya kawaida ya shehena haihusishi vita, inabidi inunuliwe pembeni, na kwa kawaida hulinda shehena ikiwa majini tu; hasara ya kuchelewa hailipwi. Bima ya vita ya meli inaweza kusitishwa kwa taarifa fupi, kwa desturi siku saba na wakati mwingine pungufu. Kifungu cha vita katika mkataba wa kukodi meli humpa mwenye meli haki ya kukataa kuingia eneo la hatari, na maneno ya kifungu hicho ndiyo yatakayoamua nani alipe gharama ya kuzunguka. Habari za vitisho zipime dhidi ya orodha ya maeneo hatari inayotolewa London na Kamati ya Pamoja ya Vita ya soko la bima, na dhidi ya wingi wa meli zilizotia nanga Fujairah zikisubiri.

Kufunguka nako hakuji siku ya tangazo. Baada ya Oman kusuluhisha makubaliano ya Marekani na Wahouthi mwanzoni mwa Mei 2025, mamlaka ya Suez ilitoa punguzo la asilimia 15 kwa meli kubwa za makontena kuanzia tarehe 15 Mei, kwa siku 90, ili kuzirudisha. Kampuni nyingi kubwa ziliendelea kuzunguka Rasi. Tarehe 6 Julai, muda wa punguzo ukiwa haujaisha, Wahouthi waliishambulia meli Magic Seas, na siku iliyofuata Eternity C. Zote mbili zilizama.